Jinsi ya Kuiamini Swichi Inayokudanganya

Mwongozo huu ni wa fundi wa mitandao aliyechoka kurudi nyumbani mapema. Kama una chakula kinachopoa, mtoto anayesubiri umsaidie hesabu, au mechi ya saa nne usiku, acha kusoma hapa hapa. Wengine karibuni. Mahitaji ni machache: laptopu yenye chaji nusu, kebo ya konsoli ya bluu ambayo kila ofisi inayo na hakuna anayejua iliko, chumba chini ya ngazi chenye feni iliyokufa, na swichi inayotamka mambo kwa uhakika ambao hata wakili hana.

Mfano wetu mkuu ni Catalyst 2960 ya Cisco, kwa sababu ukiifanya kazi hii muda mrefu mtakutana tu. Flashi yake ni megabaiti 32. Video moja ya harusi ya binamu iliyotumwa WhatsApp ingetosha kuijaza. Ndani ya nafasi hiyo hukaa mfumo wenyewe wa uendeshaji, IOS, unaokula megabaiti kumi na kitu peke yake. Hukaa pia usanidi wako wote katika faili liitwalo config.text, orodha ya VLAN katika vlan.dat, na mara nyingi folda la kurasa za wavuti za usimamizi ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu swichi itoke kwenye boksi.

Kanuni kuu: swichi ikisema, amini. Usihoji, usitafute ushahidi wa pili, usisome mstari wa juu yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hawakuwahi kukaa mbele ya konsoli.

Sentensi hizi ni za nani?

Kabla hujadanganywa ipasavyo, ni heshima kujua asili ya uongo wenyewe. Swichi haitungi sentensi. Inachagua. Tangu enzi za Unix kuna orodha fupi ya makosa yenye namba: 2 ni kwamba hakuna faili wala folda la jina hilo, 13 ni kwamba huna ruhusa, 28 ni kwamba nafasi imekwisha, 30 ni kwamba mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Programu ikikwama haikai chini kuandika barua ya maelezo. Inaangalia orodha, inachukua namba inayofanana fanana na shida yake, inaitupa juu kwa programu iliyoituma, nayo inaitupa juu zaidi, hadi inakufikia wewe ikiwa imepoteza habari zote isipokuwa ile sentensi.

Namba 25 ndiyo fahari ya ukoo huu. Kwa miaka mingi ilichapishwa kama "Not a typewriter", yaani hiki si taipureta, na watu walikuwa wakiipata walipojaribu kutuma barua pepe. Hakuna aliyekuwa ametaja taipureta. Mahali fulani ndani kabisa, programu ilikuwa imemuuliza mtu asiye taipureta swali la taipureta, na jibu likapanda ngazi zote hadi kwa mteja. IOS ya zamani si Unix, lakini maneno inayoyaweka mwishoni mwa mistari yake ya makosa ni ya ukoo ule ule, na tabia ni zile zile: ujumbe unakuonyesha mlango ombi lako lilipogonga, haukwambii nani yuko nyuma ya mlango, wala kama kweli yumo.

Hayo yakishajulikana, tuyasahau. Kazi ianze.

Nafasi imekwisha: futa kwanza, uliza baadaye

Unapandisha toleo jipya la IOS. Swichi inajibu "No space left on device". Fundi mwongozwa hapa hafikiri mara mbili. Anaorodhesha mafaili, anatafuta lenye jina refu na ukubwa wa kutisha, lile linaloishia na .bin, na analifuta. Ghafla nafasi ni tele. Swichi inaendelea kupepesa taa zake za kijani, simu za mezani zinalia, mhasibu anachapisha. Ushindi.

Kisha inakuja simu hii:

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Imekuwaje huko?"

"Flashi ilikuwa imejaa. Nimeshaisafisha."

"Umefuta nini?"

"Lile kubwa la bin."

Kimya kidogo. "Sawa. Sikiliza vizuri. Usiizime hiyo swichi."

"Nimeshaizima, kaka. Nilitaka ianze upya vizuri."

Swichi ya aina hii, ikishawaka, inaendesha IOS kutoka kwenye kumbukumbu ya RAM. Ndiyo maana unaweza kulifuta faili lake la mfumo mchana kweupe na isionyeshe dalili yoyote ya uchungu. Inakufa baadaye, siku umeme unapokatika, na siku hiyo zamu si yako. Ikitokea umefuta na bado haijazimwa, una bahati kubwa kuliko unavyostahili: rudisha faili wakati ingali hai.

Lakini tuseme hukufuta. Tuseme umekaidi mwongozo na kuuliza: nafasi gani imekwisha, na ya nani? Hapo mambo yanachangamka.

Huenda flashi ina nafasi ya faili moja lakini umeagiza mawili. Amri ya archive download-sw, usipoiambia vinginevyo, hutaka kuliweka toleo jipya huku la zamani likiwa bado limekaa. Ikiona hayaingii yote, inasimama na kulalamika. Juu ya hapo, lile faili la .tar ulilopakua lina zile kurasa za wavuti za usimamizi, mamia ya vifaili. Ukiongeza /imageonly kwenye amri, swichi inaziacha mlangoni. Kuna pia /overwrite, inayoruhusu jipya likae mahali pa la zamani. Hiyo itumie ukiwa na yupiesi inayofanya kazi kweli, siyo ile inayolia tu.

Huenda una staki ya swichi tatu za 3750. Umefuta takataka zote kwenye flash: na bado unaambiwa hakuna nafasi. Ni kweli, hakuna. Ila si hapo ulipofuta. Kwenye staki, flash: bila namba ni ya swichi kiongozi. Wanachama wengine wana flash2: na flash3: zao, na huko ndiko zile takataka za mwaka juzi zinakokaa kwa raha. Umesafisha sebule ya jirani mmoja ukashangaa ya mwingine bado chafu. Ujumbe haukutaja jirani yupi. Haukuulizwa.

Huenda ni kifaa cha zamani zaidi, supavaiza ya Catalyst 6500 au ruta ya 7500, ambacho kufuta kwake ni kwa adabu tu. Unafuta faili, linatoweka kwenye orodha, nafasi haiongezeki hata baiti moja. Ukiorodhesha kwa dir /all unalikuta lipo, limewekewa alama tu kwamba limefutwa. Hii si hila ya mtu. Ni tabia ya flashi yenyewe. Kwenye flashi za namna ile, kugeuza biti kutoka 1 kwenda 0 ni rahisi, lakini kuirudisha kuwa 1 kunahitaji bloku nzima ifutwe kwa pamoja, wenye haki na wasio na haki. Kwa hiyo wahandisi waliamua faili lililofutwa libaki palepale hadi utoe amri ya squeeze, ambayo huyasogeza yaliyo hai na kuyafuta mabloku. Inachukua muda. Wakati inaendelea, usimruhusu fundi wa umeme aguse kabati.

Na huenda flashi haina shida kabisa. Unahifadhi usanidi, unaambiwa hautoshi, unaangalia flashi unakuta nusu yake iko wazi. Soma show version kwa makini: kwenye 2960 kuna mstari unaosema kuna kilobaiti 64 za "flash-simulated non-volatile configuration memory". Yaani NVRAM ya kuigiza, kipande cha flashi kilichovalishwa kofia ya NVRAM, na kofia ina kipimo. Usanidi wako wenye mistari mia nne ya orodha za ruhusa na cheti au viwili hauangalii megabaiti 32. Unaangalia ile kofia. Dawa yake ni boot buffersize, na siyo kufuta chochote.

Kwa wenye swichi za Juniper kuna zawadi ya ziada. Ndani yake ni FreeBSD, na mfumo wake wa faili hujiwekea akiba ya asilimia 8 ambayo mtumiaji wa kawaida haoni. Programu za mfumo zikiingia kwenye akiba hiyo, orodha ya nafasi itakwambia kwamba diski imejaa kwa asilimia 105. Usiifiche taarifa hiyo. Mpelekee mhasibu, atafurahi kujua kwamba si yeye peke yake.

Faili halipo, ingawa ndilo unalotuma

Sehemu hii ndiyo kiini cha sanaa, tuikalie.

Umeamua kuwa mtu mzima: kabla ya kugusa kitu, unatoa nakala ya usanidi na kuipeleka kwenye seva ya TFTP. Unaandika copy running-config tftp:, unaweka anwani ya seva, unalipa faili jina zuri, sw1-confg, unabonyeza ingiza. Jibu: "No such file or directory".

Rudia kulisoma polepole. Unatuma faili. Linatoka kwako. Halijawahi kuwepo kule, na ndiyo sababu hasa unalituma. Na unaambiwa kwamba halipo.

Fundi mtiifu sasa anaanza kuchunguza swichi. Anaangalia flashi, kwa kuwa neno "directory" limetajwa na folda ziko kwenye flashi. Anaangalia kama running-config ipo, ingawa swichi isiyo na running-config ingekuwa tofali. Anabadilisha jina la faili, anaondoa kistari, anajaribu herufi kubwa. Saa mbili zinapita. Anafikia kuishuku flashi kwamba imeharibika, na anaandika kwenye kikundi cha kazi kwamba swichi inahitaji kubadilishwa.

Aliyesema halipo si swichi. Ni seva. Swichi imekuwa mkalimani tu, tena mkalimani asiyetaja jina la anayemtafsiria.

Maelezo rasmi ya itifaki ya TFTP yaliandikwa na Karen Sollins. Toleo la mwaka 1981 likafuatwa na lile la 1992, RFC 1350, ambalo bado linatumika. Ni itifaki ndogo kwa makusudi: haina jina la mtumiaji, haina nywila, haiulizi wewe ni nani wala umetumwa na nani. Kwa sababu hiyo, programu za seva za zamani kwenye Unix zilijiwekea ulinzi wa aina yake: mtu wa nje anaweza kuandika juu ya faili ikiwa tu faili hilo tayari lipo na liko wazi kwa kila mtu kuliandika. Kama halipo, jibu ni kosa namba 1 la TFTP, faili halikupatikana. Kwa hiyo ili upokelewe faili lako, sharti kwanza liwepo. Atakayeona hapo ucheshi wa ofisi za serikali, ameona mwenyewe.

Dawa mbili. Ingia kwenye seva, tengeneza faili tupu la jina lile lile kwa touch, lifungue kwa chmod 666, kisha tuma tena. Au, kama seva inatumia tftpd-hpa, iwashe kwa chaguo la --create, na itaacha ukaidi huo. Kama umetengeneza faili ukasahau kulifungua, ujumbe utabadilika kuwa wa ruhusa, nawe utaanza kutafuta nywila ya enable upya bila sababu yoyote.

Orodha ya makosa ya TFTP yenyewe haifiki kumi, na namba 3 yake ni ya kuogopwa: diski imejaa. Umeshaona hatari. Unatuma faili kutoka kwenye swichi kwenda kwenye seva, diski ya seva imejaa kumbukumbu za miaka mitatu, na mbele yako kwenye skrini ya swichi kunatokea habari ya diski kujaa. Wangapi wamefuta mafaili ya swichi kwa dhambi ya seva, Mungu ndiye ajuaye.

Kuna na lile la kunyamaza. Ombi la kwanza la TFTP huenda kwenye bandari 69 ya UDP, lakini seva hujibu kutoka bandari nyingine kabisa iliyoichagua yenyewe. Faiwoli iliyoko katikati, ambayo aliyeiweka aliruhusu 69 na kwenda zake kula, inaiona safari ya kwenda na kuitupa ya kurudi. Swichi inasubiri, inachoka, inasema muda umekwisha. Wewe unabadilisha kebo.

Mwisho wa TFTP ni hesabu. Kila kipande cha data kina baiti 512, na namba ya kipande ina biti 16, hivyo vipande vinaishia 65,535. Zidisha: baiti 33,553,920, karibu megabaiti 32. Programu ya zamani ya upande wowote isiyojua kuanza kuhesabu upya itakwama hapo hapo, na ujumbe utakaoupata hautataja hesabu hiyo hata kwa kudokeza. Swichi mpya zenye mfumo wa mamia ya megabaiti zitakufikisha kwenye ukuta huo zikicheka. Tumia SCP, HTTP, au USB kama tundu lipo.

Imeshindikana, sawa

Sasa tufike kwenye ujumbe ambao mimi binafsi ningeuweka kwenye fremu. Umemaliza mabadiliko, unahifadhi kwa write memory. Kwenye 2960, 3560 au 3750 ambayo flashi yake imeanza kuumwa, skrini inaonyesha hivi:

Building configuration...
nv_done: unable to open "flash:/config.text.new"
nv_done: unable to open "flash:/private-config.text.new"
[OK]

Mistari miwili inasema haikuweza. Wa mwisho unasema sawa. Na kwa kuwa jicho la binadamu aliyechoka hutua kwenye neno la mwisho, fundi anafunga laptopu, anamsalimia mlinzi, anapanda bodaboda. Kule nyuma hakuna kilichohifadhiwa. Swichi itafanya kazi kwa usanidi mpya wiki nzima, kwa sababu upo kwenye RAM, mpaka umeme ukatike Jumapili alasiri. Hapo itaamka na usanidi wa zamani, pamoja na ile VLAN uliyoifuta na ile nywila uliyoibadilisha.

Utetezi wa swichi, kama ingekuwa na wakili, ni kwamba [OK] inatoka kwa anayejenga usanidi, na yeye kazi yake ilikwenda vizuri. Aliyekwenda kuuandika kwenye flashi ndiye aliyeanguka njiani, akalalamika kwa sauti yake mwenyewe. Wawili hawa hawazungumzi.

Mtu mwerevu atasema: basi niangalie tarehe ya config.text, kama ni ya leo nimepona. Wazo zuri. Orodhesha flashi, na utaambiwa faili liliandikwa Machi 1, 1993. Swichi isiyopata saa kutoka kwenye seva ya NTP huanza kuhesabu kutoka siku hiyo kila inapowaka, kwa hiyo mafaili yake yote ni ya zama za kale. Acha tarehe. Fungua faili lenyewe kwa more flash:config.text na utafute ule mstari ulioubadilisha.

Ukikuta haumo, usiwashe upya. Narudia kwa herufi ndogo ili isionekane ni vitisho: usiwashe upya. Kwa sasa swichi hiyo ndiyo nakala pekee ya usanidi wako, na ya IOS huenda pia. Toa running-config nje, kwa seva au hata kwa kuinakili kutoka kwenye dirisha la konsoli. Toa vlan.dat. Hakikisha unalo faili la IOS mkononi. Baada ya hapo ndipo utafikiria kuifomati flashi, kurudisha IOS, kuikagua kwa verify /md5 na kulinganisha na namba ya mtengenezaji, kisha kuhifadhi tena na kusoma mistari yote, si wa mwisho peke yake.

Chini ya ngazi, saa nane usiku

Waliofuata mwongozo kwa uaminifu sasa wamefika kwenye mwaliko wa "switch:", ile programu ndogo ya kuwashia inayobaki IOS ikikosekana. Wengine hufika kwa hiari, kwa kubana kitufe cha Mode wakati wa kuwasha. Hapa amri ya kwanza ya fundi mtiifu ni dir flash:, na jibu huenda likamfanya aamini kwamba flashi imeondoka na chipu yake. Haijaondoka. Haijaamshwa. Andika flash_init kwanza. Itapitia mafaili, itahesabu, itakwambia mangapi ni yatima, na hapo dir itaona kila kitu. Programu hii ina fsck yake pia.

Mara nyingi faili lipo na ni zima. Kilichokosewa ni jina. Ukiandika boot system flash: na jina la faili ukiwa ndani ya IOS, swichi inaupokea mstari bila kwenda kuangalia kama faili la jina hilo lipo. Herufi moja ikikosekana, utaijua siku ya kuwaka upya, miezi baadaye, kwa taarifa kwamba faili halipo. Hiyo ni kweli tupu, na ndiyo kweli inayokera kuliko zote. Liwashe kwa jina sahihi ukitumia boot, kisha sahihisha mstari.

Kama kweli halipo, karibu Xmodem. Ward Christensen aliitengeneza mwaka 1977 kwa ajili ya kompyuta za wakati ule, na bado ni mwokozi wa mwisho: faili linapita kwenye kebo ya konsoli, vipande vya baiti 128 kila kimoja. Kwa kasi ya kawaida ya 9600, faili la megabaiti 11 linachukua zaidi ya saa tatu. Ukiweka set BAUD 115200, inashuka hadi dakika kumi na sita hivi. Ila ukishaiweka, skrini itajaa alama za ajabu, kwa sababu laptopu yako bado inasikiliza kwa 9600. Hapo wapo walioamini kwamba flashi imelipuka. Badilisha kasi kwenye laptopu. Na ukimaliza, unset BAUD. Usipoiondoa, fundi atakayekuja baada yako ataunganisha konsoli, ataona maandishi ya majini, na atabadilisha kebo tatu kabla ya kukutukana.

Mengine, kwa kifupi

"Device or resource busy": kuna mtu mwingine ameingia kwenye swichi, yuko katikati ya kupakua, au aliacha faili wazi akaenda kuswali. Andika show file descriptors, kisha mpigie. Mara chache sana mtu huyo ni wewe, kwenye dirisha la pili.

"Read-only file system", kwenye swichi zinazotembea juu ya Linux, haihusu ruhusa zako. Kerneli imekutana na hitilafu kwenye mfumo wa faili ikaufunga usiandikwe, ili usiharibike zaidi. Kuulazimisha ufunguke bila kusoma kumbukumbu za kerneli ni kumlazimisha mlinzi akufungulie nyumba inayoungua. "Input/output error" ndiyo mara nyingi husema kweli: chipu inakufa. Nunua nyingine.

Na kuna ujumbe mmoja mwaminifu kabisa. Swichi za EX za Juniper zilizogawanywa sehemu mbili za kuwakia, umeme ukikatika vibaya na sehemu kuu ikaharibika, huwaka kutoka sehemu ya akiba na kusema waziwazi kwa herufi kubwa unapoingia: "WARNING: THIS DEVICE HAS BOOTED FROM THE BACKUP JUNOS IMAGE". Dawa yake ni amri moja, request system snapshot slice alternate, inayonakili sehemu nzima kwenda kwenye iliyoharibika. Kwa kuwa ujumbe huu ni wa kweli na unaonekana kila mara mtu anapoingia, watu huuzoea katika wiki ya kwanza, na huanza kuuona kama salamu. Wanaukumbuka sehemu ya akiba nayo inapokufa. Mtengenezaji anashauri swichi hizi zizimwe kwa request system halt kabla ya umeme kuondolewa. Ushauri mzuri, kilichobaki ni mtu wa kuupeleka kwa umeme wenyewe.

Ukishindwa kabisa, fungua tiketi kwa mtengenezaji. Mhandisi mpole wa upande wa pili atasoma maelezo yako kwamba flashi haiandikiki, atakushukuru kwa subira yako, na atakuomba utoe taarifa kamili ya swichi kwa show tech-support na uielekeze kwenye flash:. Utajaribu, na swichi itasema hakuna nafasi. Atakwambia basi ielekeze kwenye TFTP, na swichi itasema faili halipo. Washa kurekodi kwenye PuTTY, andika terminal length 0, toa amri ile ile bila kuielekeza popote, na uiache imwagike yote kwenye skrini. Usiguse kibodi. Kwa 9600 utapata muda wa kwenda kutafuta chai.